Waya umechomekwa, mtandao hakuna: kufuatilia hitilafu za Ethaneti kuanzia kwenye plagi

Mtu akikwambia mtandao umekata, muulize kwanza: umekata kwa nani, na umekata kwenda wapi? Kama kompyuta yake haifungui tovuti yoyote lakini printa ya ofisini iliyo kwenye mtandao bado inachapa kutoka kompyuta hiyo hiyo, basi waya uko salama, swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za ofisi) iko salama, na Ethaneti inafanya kazi yake. Mara nyingi tatizo liko kwenye ruta, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti, au mbele yake. Kama printa nayo haiitiki, usianze kwa kuipigia simu kampuni ya intaneti. Hitilafu iko ndani ya jengo lenu, na mara nyingi iko chini ya meza.

Ethaneti ni utaratibu wa kusafirisha data kati ya vifaa vya mtandao mmoja wa ndani: kompyuta hadi swichi, swichi hadi ruta, kamera hadi mashine ya kurekodi. Ilianzia katika maabara ya Xerox PARC huko California, ambako Robert Metcalfe aliandika waraka wake wa kuieleza Mei 1973, na mwaka 1983 taasisi ya IEEE ikaipitisha kuwa kiwango rasmi chenye namba 802.3. Yenyewe haijui tovuti wala barua pepe, na haijui kama mmelipia kifurushi. Inachojua ni fremu: kifungu cha data chenye anwani ya mpokeaji, anwani ya mtumaji, mzigo ambao kwa kawaida hauzidi baiti 1,500, na mwishoni hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna biti iliyoharibika njiani.

Anwani hizo mbili za kwenye fremu ni anwani za MAC. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na yake, biti 48 zinazoandikwa kwa alama 12, mfano 00-1A-2B-3C-4D-5E. Swichi husoma anwani hizo na kujijengea jedwali: anwani hii iko poti ya tatu, ile iko poti ya saba. Fremu ikija, hupelekwa kwenye poti yake tu. Kama anwani haimo bado kwenye jedwali, swichi huisambaza kwenye poti zote isipokuwa ile ilikotokea. Shika hilo la kusambaza, kwa sababu ndilo litakaloiangusha ofisi nzima huko mbele.

Mpangilio wa kutafuta tatizo ni huu: taa, waya, kasi, anwani, kisha programu. Wengi huanza mwisho. Mtu anapiga Windows upya, anapoteza nusu siku na pengine mafaili ya watu, kumbe plagi imelegea.

Taa haiwaki kabisa

Karibu kila poti ya Ethaneti ina taa ndogo, upande wa kompyuta na upande wa swichi. Taa ikiwaka, vifaa viwili vimeshikana kwa umeme. Ikipepesa, kuna fremu zinazopita. Rangi zisikusumbue: watengenezaji hawakukubaliana, na kijani cha swichi moja si lazima kiwe na maana ile ile kwenye nyingine. Tena kompyuta iliyozimwa inaweza kubaki na taa ya mtandao inawaka, kwa sababu kadi nyingi hubaki macho zikisubiri amri ya kuiwasha mashine kutoka mbali. Kwa hiyo taa inakuhakikishia waya, haikuhakikishii kompyuta.

Isipowaka pande zote mbili, badilisha kitu kimoja kimoja. Hamisha waya kwenye poti ya swichi ambayo unajua ni nzima, maana unaona jirani anaitumia. Haikuwaka? Weka waya mwingine mfupi unaouamini. Bado? Leta laptopu nyingine kwenye waya huo huo. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo na mtandao ukarudi, hutajua kilichokuwa kibovu, na kesho utakitumia tena mahali pengine.

Sababu ya kawaida kabisa ni kilimi cha plagi kuvunjika. Kile kiplastiki kinachotoa sauti ya "tak" ndicho kinachoishikilia plagi ndani ya poti. Kikivunjika, meza ikisogezwa kidogo tu plagi inarudi nyuma kiasi ambacho jicho halioni, na mawasiliano yanakatika. Usiifunge kwa solotepu. Kata, ubane plagi mpya.

Panya hutafuna nyaya zilizopita darini, hasa zile zisizofunikwa. Katika miji ya pwani, hewa ya chumvi hula polepole vile vishikizo vya dhahabu vya plagi za bei ya chini, na ukivitazama kwa tochi utaona doa la kijani au weusi. Halafu kuna radi. Baada ya mvua kubwa ya masika utakuta swichi imewaka vizuri lakini poti mbili tatu zimekufa. Swichi iliyopigwa namna hiyo siiamini tena hata kwa poti zilizobaki, na ningeitoa kazini. Na kama kuna waya wa shaba uliotoka jengo moja kwenda jingine, huo ndio mlango wa radi: badala yake weka faiba, ambayo haipitishi umeme.

Taa ikiwa haiwaki na waya ni mzima, angalia kama kadi yenyewe imezimwa kwenye mipangilio. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, na utaona kadi zote. Iliyozimwa ina rangi ya kijivu. Kama kadi haionekani kabisa kwenye orodha, draiva (programu inayoiendesha kadi) haipo au kadi imekufa.

Plagi ikitazamwa kwa karibu

Ishike plagi ya RJ45 kilimi kikiwa chini, vishikizo vya dhahabu vikiwa juu, na waya ukielekea kwako. Namba 1 iko kushoto. Kwa mpangilio wa T568B, ambao mafundi wengi wanautumia, rangi zinakwenda hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. T568A ni huo huo, ila jozi ya chungwa na ya kijani zimebadilishana nafasi. Chagua mmoja na uufuate jengo zima. Zamani, kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja kulihitaji waya wenye A upande mmoja na B upande wa pili. Vifaa vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo waya huo hauna kazi tena.

Sasa tazama ncha. Kupitia plastiki inayopenya mwanga, vichwa vinane vya shaba vinatakiwa viguse ukuta wa mbele. Kimoja kikiwa kifupi, kitashika leo na kuachia wiki ijayo. Kisha tazama nyuma: ganda la nje la waya, lile la kijivu au la bluu, liwe limeingia ndani ya plagi hadi chini ya kibanio. Likiishia nje, uzito wote wa waya unabebwa na vile vinyuzi vinane vyembamba, na havitadumu. Ile sehemu unayoifumua kabla ya kuingiza isizidi milimita 13. Msokoto ndio unaozuia kelele za umeme. Ukiufumua sentimita tano ili upate urahisi wa kupanga rangi, umeufungulia mlango usumbufu.

Kosa linalopita bila kuonekana ni la kupanga jozi kwa kufuatana: chungwa, kijani, bluu, kahawia, kila nyeupe ikifuatiwa na mwenzake. Linapendeza kwa macho. Testa ya bei nafuu itawasha taa 1 hadi 8 kwa zamu na kukwambia waya ni mzuri, kwa sababu kazi yake ni kupima kama umeme unapita, basi. Lakini Ethaneti inatuma ishara moja kwenye nafasi ya 3 na ya 6, na inazitaka ziwe nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Katika mpangilio huo wa kufuatana, ya 3 imesokotwa na ya 4, na ya 6 imesokotwa na ya 5. Jozi zimepasuka. Waya mfupi wa namna hiyo unaweza hata kufanya kazi, ila ukiwa mrefu au kasi ikipanda, fremu zinaharibika ovyo na fundi anazunguka akilaumu swichi.

Na kuna waya wenyewe. Sokoni umejaa waya ulioandikwa Cat 5e au Cat 6 (madaraja ya ubora wa waya wa mtandao) huku ndani ukiwa ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua unyuzi kwa ncha ya kisu: ukiona rangi ya fedha chini ya ile nyekundu, si shaba. Boksi lake la mita 305 nalo ni jepesi kupita kiasi. Viwango vya Cat 5e na Cat 6 vinataka shaba tupu, kwa hiyo maandishi yale ya kwenye boksi si ya kweli. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba, na hukatika haraka ukiikunja mara chache. Anayekuuzia waya huo kwa bei ya shaba anakuibia, na anayeufunga ukutani kwako anakuachia mzigo wa miaka.

Taa inawaka, lakini kila kitu kinatambaa

Hapa angalia kasi ambayo vifaa vimeafikiana. Kwenye Windows, bofya mara mbili kadi yako ndani ya ile ncpa.cpl usome mstari wa Speed. Kwenye Linux tumia ethtool ukifuatiwa na jina la kadi. Kwa kawaida utaona megabiti 10, 100, au gigabiti 1 kwa sekunde.

Kuna njia ya haraka zaidi: nakili faili kubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine ya ndani na utazame mwendo. Ukiganda kwenye megabaiti 11 hivi kwa sekunde, uko kwenye megabiti 100, maana baiti moja ni biti nane, na 100 kugawanya kwa nane ni 12.5 kabla ya kutoa gharama za usafiri. Ukifika karibu na megabaiti 110, uko kwenye gigabiti. Kama diski zenyewe ni za kizamani zitakwama katikati, lakini ile 11 inayoganda pale pale ni alama ambayo ukishaizoea huisahau.

Kwa nini vifaa viwili vya gigabiti viafikiane kwenye 100? Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za nafasi 1, 2, 3 na 6. Gigabiti hutumia jozi zote nne. Unyuzi mmoja wa bluu au wa kahawia ukikatika, gigabiti haiwezekani, ila kwa 100 bado njia iko wazi. Kadi nyingi hujaribu gigabiti, zikashindwa mara kadhaa, kisha zikajishusha zenyewe bila kukwambia chochote. Nyingine hazijishushi: zinawaka, zinazima, zinawaka tena, na mtumiaji anaona mtandao unakuja na kuondoka. Dalili zote mbili zinakupeleka kwenye plagi ile ile.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu lakini si wa waya, nao ni wa dupleksi. Dupleksi kamili maana yake kompyuta na swichi zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Dupleksi nusu ni kupokezana, kama walinzi wanaoongea kwa redio ya upepo: mmoja akibonyeza, mwingine asikilize. Kawaida waya ukichomekwa, kila kifaa hutangaza uwezo wake na vyote viwili huchagua kilicho bora wanachokiweza pamoja. Balaa huanza pale mtu anapoingia kwenye mipangilio ya upande mmoja na kulazimisha megabiti 100 kwa dupleksi kamili, huku upande wa pili ukiachwa upatane wenyewe. Upande uliolazimishwa hautangazi tena kitu. Wa pili unaweza kuitambua kasi kutokana na ishara zinazokuja, lakini dupleksi hauwezi kuitambua, na kanuni inautaka uchukue nusu. Sasa mmoja anasema muda wowote apendao, na mwingine anaona kila anaposema amegongwa.

Dalili yake inachanganya watu wengi: ping (amri ya kupima kama kifaa cha pili kinajibu) inajibu vizuri, tovuti nyepesi inafunguka, lakini ukinakili faili kubwa mwendo unaanguka hadi karibu na sifuri. Dawa ni kurudisha pande zote mbili kwenye kupatana zenyewe. Ule ushauri wa zamani wa kulazimisha kasi ili mtandao utulie uachane nao. Kwa gigabiti ya waya wa shaba, kupatana ni sharti la kiwango chenyewe.

Kasi na dupleksi zikiwa sawa, tazama hesabu za makosa. Linux: ip -s link. Windows: netstat -e. Swichi yenye ukurasa wa usimamizi itakuonyesha makosa ya CRC kwa kila poti. Hiyo CRC ndiyo ile hesabu ya kuhakiki mwishoni mwa fremu. Fremu ikifika na hesabu isiyolingana, inatupwa kimya kimya. Ethaneti haiombi irudiwe. Kazi hiyo inaachiwa TCP huko juu, sehemu ya mfumo endeshi inayohakikisha data inafika kamili, ambayo husubiri, ikagundua pengo, ikaomba upya. Ndiyo maana mtumiaji haoni ujumbe wa kosa, anaona uzito tu. Makosa machache ya zamani yasikutishe. Yakiongezeka huku unatazama, waya una kasoro: umezidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, umepita ndani ya bomba moja na nyaya za umeme wa jengo, umekunjwa kwenye kona ya mlango, au plagi imebanwa vibaya. Kupitisha data na umeme wa jengo kwenye bomba moja ni hatari kwa watu pia, usikubali hata kama fundi anasema ataokoa gharama.

Anwani inaanza na 169.254

Taa inawaka, kasi ni nzuri, lakini Windows inasema Unidentified network. Fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukikuta anwani ya IP (namba ambayo kifaa hupewa ili kitambulike kwenye mtandao) inayoanza na 169.254, kompyuta yako iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, ikaamua kujipa yenyewe.

Anayetakiwa kujibu ni DHCP, huduma ambayo kwenye ofisi ndogo huwa ndani ya ruta. Kompyuta hupaza sauti kwa mtandao wote: nani anagawa anwani? Ruta hujibu na pendekezo, kompyuta huliomba rasmi, ruta huthibitisha. Sauti hiyo ya kwa wote ndiyo tunayoiita tangazo, na fremu yake huwa na anwani ya mpokeaji FF-FF-FF-FF-FF-FF.

Mwulize jirani kwanza. Kama na yeye ana 169.254, ruta imezima au waya kati ya swichi na ruta umetoka. Kama jirani yuko salama na wewe tu ndiye mwenye shida, andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Isiposaidia, fikiria hesabu: ruta iliyopangiwa kugawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.150 ina anwani 51 tu, na simu za wafanyakazi na wageni kwenye Wi-Fi zinazichukua pia. Wa mwisho kufika asubuhi anakosa. Panua idadi hiyo, au punguza muda ambao anwani inashikiliwa na kifaa kilichokwisha kuondoka.

Anwani ipo, lakini si ya kwenu

Hili nalipa nafasi kwa sababu linatokea mno. Mtu wa dawati la mbali anataka Wi-Fi yenye nguvu. Ananunua ruta ndogo mjini, anachomoa waya wa ukutani kwenye kompyuta yake, anauchomeka kwenye moja ya poti za LAN (za mtandao wa ndani) za ile ruta, na simu yake inashika. Hajui kwamba ruta hiyo nayo inagawa anwani, na sasa inamjibu kila anayepaza sauti kwenye ofisi nzima. Kompyuta huwa inamchukua anayejibu mapema. Baadhi wanapata anwani sahihi na kufanya kazi. Wengine wanapewa anwani za 192.168.0 na kuelekezwa kwenye ruta isiyo na intaneti. Ukiwasha upya kompyuta, leo inapona, kesho inaumwa.

Nenda kwenye kompyuta inayoumwa, andika ipconfig /all, na usome mstari wa DHCP Server. Ikiwa anwani hiyo si ya ruta yenu, umemkuta. Andika arp -a upate anwani ya MAC ya huyo mgawaji. Kama swichi yenu ina ukurasa wa usimamizi, jedwali lake litakuonyesha yuko poti gani. Kama haina, chomoa waya mmoja mmoja hadi ile anwani iache kujibu. Ruta yenyewe si lazima itupwe. Zima DHCP yake, ipe anwani ya mtandao wenu isiyotumika na mwingine, uache waya kwenye poti ya LAN, na itabaki kuwa kituo cha Wi-Fi tu.

Vifaa viwili kuwa na anwani moja ya IP ni ndugu wa tatizo hili. Printa iliyopewa 192.168.1.120 kwa mkono, ndani ya eneo ambalo DHCP inagawa, itagongana na simu ya mtu siku yoyote. Anwani za mkono ziwekwe nje ya eneo la kugawa.

Jirani haitiki ping

Umetuma ping kwa kompyuta ya jirani, na jibu ni Request timed out. Usihukumu mapema. Ngome ya Windows (firewall) mara nyingi huzuia ping kutoka kompyuta nyingine. Mara baada ya kujaribu, andika arp -a utafute anwani ya IP ya jirani kwenye orodha. Ikiwa mbele yake kuna anwani ya MAC, maana yake kompyuta yako iliuliza "mwenye IP hii ana MAC gani?" na jirani akajibu. Waya, swichi na kadi zote mbili ziko salama, kilichobaki ni ngome. Ikiwa haimo, aidha jirani hayupo au hamko kwenye mtandao mmoja: 192.168.1.20 na 192.168.2.20 zenye kinyago 255.255.255.0, yaani namba tatu za mwanzo ndizo zinazotaja mtandao, hazitaonana bila ruta hata zikiwa kwenye swichi moja.

Ping ya 127.0.0.1, ambayo wengi huianza nayo, haigusi kadi wala waya. Inazunguka ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Anza na ruta, kisha 8.8.8.8 ambayo ni seva ya Google iliyo kwenye intaneti, kisha jina la tovuti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, hapo ndipo kampuni ya intaneti inapohusika. Zote mbili zikijibu ila jina likashindikana, DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, ndiyo yenye shida.

Kwenye swichi zenye VLAN, yaani swichi moja iliyogawanywa kuwa mitandao kadhaa, ongeza swali moja: waya umehamishwa poti? Poti mbili zinazokaa pamoja zinaweza kuwa kwenye mitandao miwili isiyoonana kabisa.

Ofisi nzima imesimama kwa mpigo

Taa za swichi zote zinapepesa pamoja, kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata, hata kama watu wameacha kazi. Ping kwa ruta inajibu moja kati ya kumi au haijibu. Hicho ni kitanzi: waya uliotoka kwenye swichi na kurudi kwenye swichi.

Rudi kwenye lile la kusambaza. Tangazo likiingia, swichi hulipeleka kwenye poti zote. Kwenye kitanzi linatoka poti ya tano, linaingia poti ya tisa, linasambazwa tena kwa wote, linatoka tena. Pakiti za IP zina hesabu inayopungua kwa kila ruta hadi pakiti ife; fremu ya Ethaneti haina kitu kama hicho. Inazunguka hadi utakapochomoa waya, na kila tangazo jipya linaongezeka juu yake. Hii ndiyo dhoruba ya matangazo.

Mara nyingi chanzo ni mtu mwema. Anafagia, anaona ncha ya waya imelala sakafuni, anaichomeka kwenye tundu lililo wazi ukutani. Au ni simu ya mezani ya IP yenye poti mbili, moja ya kwenda swichi na moja ya kompyuta, na zote mbili zimechomekwa ukutani.

Kukitafuta kitanzi: kwenye swichi kuu, chomoa nyaya zinazokwenda swichi nyingine, mmoja mmoja, ukitazama taa. Ule ambao ukiuchomoa taa zinatulia, kitanzi kiko upande wake. Nenda huko ufanye vile vile hadi ufike kwenye waya wenyewe. Ni kazi ya dakika chache ikiwa nyaya zimeandikwa majina, na ya mchana mzima zisipoandikwa.

Kinga yake ipo tangu 1985, Radia Perlman alipobuni itifaki ya miti, STP, akiwa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Swichi zinaambizana zilivyoungana, zinagundua kitanzi, na kufunga poti moja hadi itakapohitajika. Swichi za bei ya chini zisizo na usimamizi kwa kawaida hazina. Kwa ofisi yenye swichi zaidi ya mbili, hiyo ya katikati iwe yenye STP, na uhakikishe imewashwa.

Kamera zinazozima usiku

Kamera inayopata umeme kupitia waya wa mtandao inafanya kazi mchana kutwa, na giza likiingia inazima, inawaka, inazima. Watu hudhani ni wizi au ni kamera mbovu. Usiku kamera huwasha taa zake za infraredi, na matumizi yake ya umeme yanapanda. Kwa kiwango cha 802.3af, cha kupitisha umeme kwenye waya wa mtandao, swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa poti, na kamera inahesabiwa kupata wati 12.95, kwa kudhani kwamba waya ni shaba na hauzidi mita 100. Ukiwa wa alumini iliyopakwa, au una kiungo kilichosokotwa kwa mkono njiani, volti zinaishia kwenye waya na kamera haipati za kutosha.

Jumlisha pia wati za kamera zote, kwa sababu swichi ya poti nane inaweza kuwa haina umeme wa kuzilisha zote nane zikiwa kwenye kilele. Jumla ikiwa ndani ya uwezo wake, ishushe kamera moja, iunganishe karibu kabisa na swichi kwa waya mfupi wa shaba na uiache gizani usiku kucha. Isipozima, mrudie aliyefunga waya, akuonyeshe boksi aliloutoa, ukwangue unyuzi mbele yake.